Paa Akasogea

Masouda alilikunjua zulia lake juu ya meza ya forodha ya Maskati, kwa kuwa karani Aflah alitaka kila furushi lifunguliwe. Ulikuwa mwaka 1964, na meli ya waliokimbia Unguja ilikuwa imetia nanga asubuhi. Lilikuwa zulia kongwe la kutundika ukutani, limefumwa paa, tausi na simba aliyeliwa mkia na nondo. Pembeni alisimama Bakhita, mtoto wa miaka saba, kalishika buibui la Masouda.

Paa aliinua kichwa, akamwamkia karani kwa Kiarabu safi.

Aflah akaitikia. "Watu wa wapi?"

"Nizwa, huku huku Omani. Tulifumwa huko, tukachukuliwa Unguja."

"Karibuni kwenu." Akagonga mhuri. Masouda naye akapita, kwa jina la babake. Akabaki Bakhita.

"Binti nani huyu?"

"Wangu. Mamake alikuwa mtumishi wetu, kafa kwenye uzazi. Nimemnyonyesha mie, kwa ziwa hili."

"Babake?"

"Hatumjui, mwanangu."

"Kanyonya mbele ya macho yetu," paa akashuhudia.

"Sikatai. Lakini ziwa si ukoo. Atarudi melini."

"Basi nami ntarudi naye."

"Wewe ushaingia, bibi. Kutoka kunataka ruhusa, na ruhusa inatoka Salala, kwa Sultani."

Meli ilikuwa ing'oe nanga baada ya alasiri, na huko iendako hakuna aliyemjua mtoto yule. Masouda alimbusu Aflah bega, akalia mpaka sauti ikamkauka. Aflah, aliyelelewa na yaya wa Unguja, alikunywa kahawa yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ndipo paa akasogea. Akamsukuma tausi kidogo, ikapatikana nafasi. Bakhita akavua ndara, maana zulia halikanyagwi na viatu, akaingia zuliani kati ya paa na tausi. Aflah akatazama, akaandika: zulia moja.

Nyumbani kwa Masouda, wanyama walishuka ukutani kila magharibi wakanywa maji uani. Bakhita hakushuka. Hakukua pia.

"Mama, ruhusa haijatoka?"

"Bado, mwanangu." Kila alipojibu hivyo Masouda alitamani afe.

Mwaka 1970 akaja Sultani mpya, milango ya nchi ikafunguliwa. Watu wa Unguja wakaja kwa ndege, wengine wakapewa kazi serikalini. Masouda akalibeba zulia mpaka ofisini, na zile ndara mkobani. Karani mpya, kijana mpole, akamwamkia paa na kumuulizia hali. Masouda akaziweka ndara sakafuni. Bakhita akatoa mguu mmoja.

"Ahlan," alisema karani, kalamu mkononi. "Na wewe, binti nani?"

Bakhita akaurudisha mguu. Paa akasogea.