Kijaluba cha Karafuu

Suad kwa kujisifia, mwache! Miaka mitatu anamhudumia Bi Simha, kikongwe wa Kiyahudi mzaliwa wa Aden, nyumbani kwake Stanmore, huko ughaibuni. Humwogesha, humpa dawa, na mdomo haupumziki. Wimbo wake ni mmoja: babu yake naye aliishi Aden kabla ya kuhamia Unguja, na Wayahudi walikuwa marafiki zake wa kufa na kuzikana.

Ushahidi anao. Ni kijaluba, kikasha kidogo cha fedha chenye vitundu, ambacho rafiki mmoja Myahudi alimpa babu alipokuwa akihama. Ukoo wao hukijaza karafuu, na hakuna bibi harusi anayetoka chumbani bila kukinusa. Jumamosi hii ilikuwa zamu ya Miska, binti yake. Basi Alhamisi Suad akakitia mkobani, akampelekee Bi Simha akione. Atafurahi, si ndiyo?

Bi Simha alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akafumba macho.

"Baba alikuwa nacho kama hiki. Tulikuwa tukikinusa Sabato ikimalizika. Huyo rafiki alihama lini?"

Suad akajibu mbio, bila kuwaza: "Disemba arobaini na saba. Wiki ileile aliyozaliwa ami yangu Abdulwakil, ndiyo maana hatusahau."

Bi Simha akakiweka mezani taratibu.

"Wiki ile hakuhama mtu, Suad. Nilikuwa na miaka saba. Siku tatu tulijificha chini ya kitanda, mama kaniziba mdomo. Watu wa mjini walichoma maduka yetu sisi Wayahudi, wakavunja milango, wakaua. Jirani zetu wa kushoto hatukuwaona tena."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Suad akajitia anakwenda kutupa taka, akampigia ami yake huko Harrow. Akamwuliza kijaluba kilitoka wapi hasa.

"Babaako hakutaka mjue," akasema Ami Abdulwakil. "Mama ndiye aliyenambia. Babu yako alitoka na wenzake, akarudi nacho kakifunga kwenye kikoi. Kila mtu alibeba vya watu siku ile, mwanangu."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

Loo! Miaka sabini na kitu, ukoo mzima, na hakuna aliyewahi kuuliza. Suad aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, peke yake pale kwenye mapipa.

Akarudi ndani. "Kichukue, Bi Simha. Nakuomba unisamehe."

"Si changu. Na siwezi kukusamehe kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Nitafutie jina lake, kisha tutazungumza."

Halafu akanyoosha mguu avishwe soksi, kama kila siku. Suad akapiga magoti, akamvisha, na hakuweza kuinua uso.

Jumamosi chumba kilijaa mashangazi na vigelegele. Miska, keshavaa, akauliza kwa Kiingereza chake kijaluba cha Babu kiko wapi.

Suad angeweza kusema kimepotea. Ulimi ulishaanza kuelekea huko, Mungu amsamehe. Lakini akakitoa mkobani, akakishika asimpe.

"Si cha Babu," akasema. "Babu alikiiba, watu wakiuawa. Na mimi nilikinusa siku ya harusi yangu, nikacheka."

Vigelegele vikakatika. Shangazi mmoja akamfinya aache, lakini Miska alikuwa keshauliza: "Alimwibia nani?"

Na Suad hakuwa na jina la kumpa.