Aliyeondoka Bila Kugusa Kahawa

Bibi yangu Devung alimfukuza mtu wa kampuni ya makaa ya mawe kabla kahawa haijapoa, na kijiji kizima kikampigia makofi. Kosa lake tulilitambua makofi yalipokwisha.

Mtu huyo, Bwana Prastowo, alikuwa amefika asubuhi kutoka mjini, huko mto unakoteremkia, na viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuonja tope. Tulimkaribisha kwenye ukumbi wa nyumba ndefu tunamoishi kijiji kizima, tukamtandikia mkeka, na Bibi mwenyewe akamwekea bilauri ya kahawa. Wali wa kunata ulikuwa bado motoni uani, ndani ya mianzi yake. Mgeni hakunyoosha mkono kwenye bilauri. Alifungua ramani, akaitandaza juu ya mkeka, akaweka kidole pale penye miti yetu ya nyuki.

"Hapa ni patupu," akasema. "Hapana mtu. Tutaanza kuchimba hapa."

"Patupu?" Bibi akauliza. "Mume wangu ameipanda miti hiyo miaka yote ya ndoa yetu, akishuka na asali mkononi na uso umevimba kama chungu. Patupu ni hapo unapovalia kofia!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Prastowo akajitia kucheka nao. Akasema kampuni italeta umeme, italeta kazi, na kwamba akina mama wenye hasira kwa kawaida huelewa baadaye.

Afadhali angetukana. Bibi aliinuka, akaikunja ile ramani kama mtu anayekunja nepi chafu, akamtupia kifuani.

"Toka! Toka kabla sijaelewa!"

Alitoka. Alishuka ngazi ya gogo kinyumenyume, akakimbilia gatini, na mara tukasikia injini ya boti yake ikinguruma. Hapo ndipo tulipopiga makofi. Mzee Lawing, mkuu wa kijiji, alipiga kuliko wote. Kisha akaacha ghafla, mikono ikabaki hewani.

"Devung," akasema. "Yule mtu amegusa?"

Sote tukaigeukia bilauri. Ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

"Nani kamwona akigusa?" akauliza tena.

Kwetu, ukiwekewa chakula au kinywaji, hata kama umeshiba, hata kama una haraka, hata kama unamchukia mwenye nyumba, unagusa. Ncha ya kidole kwenye sahani, kisha mdomoni, basi, uko huru. Ukiondoka bila kugusa, kepuhunan inakufuata njiani: nyoka, mti kukuangukia, chombo kupinduka. Na aliyekukaribisha akakuacha uende hivyo, balaa lako analibeba yeye. Sasa aliyekufukuza bilauri ikiwa mbele yako, huyo atabeba nini? Hata wazee hawakuwa na jibu, maana hakuna mtu aliyewahi kufanya ujinga huo.

"Na mbele yake kuna maporomoko," Mzee Lawing akasema.

Bibi alikuwa amebadilika rangi. "Tipung!" akaniita. "Mtumbwi!"

"Bibi, yeye ana boti ya kasi. Sisi tuna injini inayokohoa."

"Basi ikohoe haraka! Kahawa itamwagika. Nipeni mwanzi!"

Akauchomoa mwanzi mmoja wa wali motoni, mrefu kama mkono, mweusi kwa moshi, akaufunga kwa majani ya ndizi usimuunguze. Akachukua na panga lake la kupasulia. Watu wakatusukuma majini huku wakipiga kelele kama siku ya mashindano. "Kaza, Tipung! Mkimkosa msirudi!"

Mimi nimeendesha mtumbwi tangu utotoni, lakini siku ile niliuendesha kama mwizi. Tulipita vichochoro vya mawe ambavyo huwa sipiti, tukanyunyiziwa maji hadi kope. Bibi alikaa mbele, mwanzi mkono mmoja, panga mkono wa pili, akiomba kwa Mungu wa kanisani na kwa wale wengine wa zamani, asije mmoja akawa amelala.

"Asife," alikuwa akisema. "Mwache akafie kwao, akiwa na wajukuu. Asife leo."

"Dakika kumi zilizopita ulitaka kumla mbichi."

"Nyamaza, uangalie mawe!"

Tukawaona. Nahodha wake, mtu wa mabondeni aitwaye Ipan, aliyekuwa amelala botini muda wote wa ugomvi, alikuwa ameegesha kwenye kisiwa cha mchanga juu ya maporomoko, anayasoma maji kama nahodha yeyote mwenye akili. Bwana Prastowo alikuwa amesimama kando yake. Alipogeuka, akaona mtumbwi unamjia kwa kasi, na mbele yake kikongwe kilicholowa chepechepe, panga juu, rungu jeusi juu.

"Washa!" akapiga ukelele. "Washa injini! Wanakuja kuniua!"

Ipan akarukia injini, ikaguta mara moja.

"Hajagusa!" Bibi akapaza sauti. "Baba, usimpeleke! Hajagusa!"

Mkono wa Ipan ukaganda. Akazima. Mtu wa mabondeni ni mtu wa mabondeni, lakini mto ni mmoja. Akamgeukia abiria wake polepole.

"Bwana. Waliweka nini mezani?"

"Mkekani. Kahawa. Washa, bwana wee!"

"Na hukugusa?"

"Nilifukuzwa!"

"Hata kidole?" Ipan akashuka botini, akasimama mbali kidogo, kama aliyegundua kwamba amebeba baruti. "Mimi nina watoto wanne. Hapa sitoki na wewe mpaka uguse. Ukitaka, shika usukani mwenyewe."

Tukapanda mchangani. Bwana Prastowo alirudi nyuma hadi maji yakaingia kwenye viatu vyeupe. Bibi akapiga magoti, akausimika mwanzi mchangani, akainua panga. Bwana Prastowo akafumba macho. Pwa! Mwanzi ukapasuka katikati, mvuke ukatoka, na harufu ya tui na jani ikatufikia sote puani.

"Gusa," Bibi akasema. "Tafadhali, mwanangu. Gusa tu, uende zako."

Akafumbua jicho moja. Akatazama wali, akatutazama sisi, akanyoosha kidole, akagusa, akakilamba. Ipan akashusha pumzi. Bibi akashusha pumzi. Mimi nilidhani yamekwisha, lakini kidole kikarudi, safari hii na vidole vinne vingine.

"Sijala tangu jana," akasema, mdomo umejaa.

"Polepole, utakwama," Bibi akamwambia, akambandulia ganda lingine.

"Bibi, mchele huu unauzwa wapi?"

"Hauuzwi. Tunaulima pale patupu."

Akaacha kutafuna. Uso ukamwiva hadi masikioni. Ipan ndiye aliyeanza kucheka, nami nikafuata, na mwishowe yeye mwenyewe akacheka, punje zikimruka.

"Mimi nina bosi, Bibi," akasema alipotulia. "Nitatumwa tena."

"Uje. Tutakukataa tena, lakini safari hiyo utakataliwa ukiwa umeshiba."

Waliwasha, wakaingia maporomokoni. Boti ikazama pua, ikainuka, ikapotea nyuma ya povu. Bibi alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Kisha huko chini, maji yalipotulia, boti ikatokea, na mtu mdogo ndani yake akapunga kofia.

Bibi alipiga kigelegele kilichowarusha ndege ng'ambo zote mbili, akakaa chini mchangani, akacheka hadi akalia.

"Amepita," akasema. "Amepita, mpumbavu wangu."

"Amekuwa wako lini?"

"Alipoumaliza wali wote bila kuniachia hata punje. Twende nyumbani, nina njaa."