Fungu la Mama Mkwe

Mimi nilifundisha sayansi kimu miaka kumi na minane, kwa hiyo mtu akiniomba nimwachie jiko ashone tumbo la kondoo kwa sindano na uzi, ninayo haki ya kuudhika. Lakini mtu huyo alikuwa mgeni wangu, tena mgeni wa kwanza kulala katika chumba nilichokipaka rangi wiki iliyotangulia. Mgeni wa namna hiyo humfukuzi jikoni. Unatabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jina lake Ishbel. Mama wa Kiskochi, mjane, miaka sitini na ushee, mwenye nyumba ya wageni katika kisiwa kimoja huko kwao Skotilandi. Alikuja na wenzake saba kupanda mlima, goti likamgomea kabla hajafika hata kibanda cha kwanza, wapagazi wakamrudisha getini kwenye machela huku akiwaomba radhi njia nzima. Primus, mtu wa kampuni ya watalii kule Moshi mjini, akamleta kwangu Mwika asubiri wenzake washuke. Ilikuwa Februari ya tisini na tisa. Bei ya kahawa ilikuwa imeshatutia adabu, mimi nimepunguzwa kazini, na mume wangu Gidioni alikuwa amekata shauri kwamba sasa tutaishi kwa kulaza wageni.

Primus alinionya kabla hajaondoka. "Mama Aikaeli, usije ukampa vyakula vyetu. Mpe chipsi, mpe kuku, mpe supu ya pakiti." Nikampa. Siku ya kwanza alizisukuma chipsi pembeni kwa adabu. Siku ya pili akachechemea mpaka uani, akatukuta tunakula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akavuta kigoda akala sahani mbili. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini namficha chakula.

Kiingereza changu kinatosha kufundishia kuoka keki, na yeye cha kwake kilipindapinda kama njia ya kwenda mtoni, lakini tulielewana. Kwake, alisema, msafiri anavuka maji kwa muda wa saa nne kwenye mvua ya ubavuni, na akifika anakula wanachokula wenye nyumba: samaki waliokaushwa kwa moshi, viazi, uji mzito wa oti, jibini ya jirani. Kisha anapewa wiski iliyopikwa nyuma ya kilima chao. Ya kilima cha pili hapewi, maana watu wa kilima cha pili hawajui kupika wiski. Hapo nilimwelewa vizuri, kwa sababu sisi na majirani zetu wa Mamba tuko hivyohivyo kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Halafu akasema anataka kutushukuru kwa kutupikia chakula cha kwao. Wanakiita hagisi. Unachukua mapafu, moyo na ini la kondoo, unachemsha, unakatakata, unachanganya na mafuta, vitunguu, pilipili manga na oti, unashindilia ndani ya tumbo, unashona, unachemsha tena kwa saa tatu. Alikuwa anaeleza huku macho yanamng'aa. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani vitu vyote vinavyoweza kupasuka.

Gidioni, ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu isipokuwa mke wake, aliitikia palepale. Akashuka mjini kutafuta oti, akarudi na kopo lililopitia mpakani Holili kutoka Kenya, na akasema kondoo dume atachinjwa Alhamisi.

Sasa lazima niseme habari ya mama mkwe wangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa ni mambo ya kondoo tu.

Mama Eliona anakaa katika nyumba yake ndogo chini ya migomba, hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Tangu baba mkwe alipofariki, miaka mitatu ilikuwa imepita, hakuwa ameonja chakula cha mkono wangu. Hata kijiko. Kila mchana nilimpelekea sahani nimeifunika kitambaa, na kila jioni sahani ilirudi na kitambaa chake, kimekunjwa pembe kwa pembe, chakula kimepoa. Nilijaribu mtori laini. Nilijaribu machalari yasiyo na mafuta. Nilimwuliza kama ni meno, kama ni tumbo, kama kuna mtu amemwambia maneno. Alijibu, "Nimeshiba, mwanangu," na wakati huo kwapa la gauni lake lilikuwa linazidi kuning'inia. Alikuwa anachemsha ndizi zake mbili tatu, basi.

Gidioni nikimwuliza, anasema, "Mama ni mama," halafu anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe mmoja, anaangaliwa mara tano kwa siku.

Nilikuwa na hofu na ninaisema wazi. Nilihofu mama yule atakufa kabla hajala kwangu, na kwamba siku ya kumzika, wanawake wa ukoo watanitazama wakiwa wanakula nilichopika. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu ya hofu hiyo.

Alhamisi kondoo akachinjwa. Katika ukoo wa Gidioni, mnyama akichinjwa kila kipande kina mwenyewe. Kidari cha wazee, mguu wa mjomba, na tumbo pamoja na vya ndani ni vya mama mwenye boma. Ishbel alisimama na beseni lake akingoja, amekunja mikono ya sweta. Gidioni akalishika lile tumbo, akasitasita.

"Hili ni la mama," alisema.

"Mama hali," nilisema. "Unajua hali. Mpe mgeni, nyama nyingine naipika, mama nitampelekea sahani kama kawaida, itarudi kama kawaida."

Ishbel akauliza tunabishana nini. Nikamtafsiria kwa kifupi, nikidhani nafunga mjadala. Yeye akamtazama Gidioni, akanitazama mimi, akasema kama lina mwenyewe, basi anakwenda kumwomba mwenyewe. Akatia tumbo, ini, moyo na mapafu kwenye beseni, vibichi, vinatoa mvuke, akashika njia ya migombani akichechemea.

Nilimfuata nikipangusa mikono. Nilikuwa namwambia kwamba mama ni mzee, kwamba hasikii Kiingereza, kwamba vitu hivyo havijaoshwa, kwamba nzi. Aliendelea kuchechemea.

Mama Eliona alikuwa mlangoni pake anachambua maharage. Ishbel akasema "Shikamoo," neno ambalo wapagazi walimfundisha, akainama na goti lake bovu, akaliweka beseni mbele ya miguu ya mama.

Mama aliacha maharage. Alilitazama beseni. Kisha akalivuta kwa mikono yote miwili, akaligeuza tumbo, akalipima, akalinusa. "Marahaba," akasema. Halafu akaniambia mimi, bila kunitazama, "Leta maji ya moto. Na kisu kile cha mzee, si hivyo vyako."

Nilileta maji. Nilileta kisu. Kuanzia hapo nilikuwa mtumwa wa watu wawili wasiosikilizana lugha. Ishbel aliongea Kiskochi, mama aliongea Kichagga, na wote wawili waliliparuza lile tumbo kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mwanafunzi wangu yeyote. Ishbel alipotaka kulitupa lile kunjo la ndani, mama akamchapa mkono. Mama alipotaka kutia magadi, Ishbel akamzuia. Nilijaribu kueleza habari ya joto na vijidudu. Niliambiwa nikatafute uzi.

Uzi wangu ulikuwa wa bluu. Mama alisema haufai, akachana ukambaa wa mgomba, akaulainisha kwa mate, akashona mwenyewe. Sijui kama nilipaswa kucheka au kulia. Zaidi nilikuwa nimekasirika.

Saa tatu zote waliketi jikoni kwa mama, moshi ukiwaingia machoni. Ishbel akatoa kichupa cha wiski ya kilima chao, akaonja kwanza yeye, kisha akampa mama. Hilo la kuonja kwanza, ambalo kwetu ndiyo desturi ya anayekupa kinywaji, hakuna aliyemwelekeza. Mama akanywa, akakunja uso, akasema hiyo ni mbege isiyolelewa. Akanywa tena.

Lile tumbo lilipotoka chunguni lilikuwa limevimba, lina rangi ya kijivu, na halikupasuka, ingawa mimi nilikuwa nimeshajiandaa. Mama akakishika kisu. Hakumpa Ishbel akate. Akakata mwenyewe, akaweka kwenye majani ya mgomba: la Ishbel, la Gidioni aliyekuwa amejitokeza kwa harufu, langu, lake. Halafu akachota kwa vidole akala. Akatafuna, akameza, akachota tena.

Miaka mitatu. Nilihesabu vidole vyake vikienda na kurudi, mara nane, mara tisa, na kifua changu kikajaa mpaka kikamwagika.

"Mama," nilisema, "mimi nimekupikia kila siku ya Mungu. Nimekuchambulia miiba, nimekuchambulia mifupa. Hukuonja. Leo anakuja mtu kutoka ng'ambo, anakupa tumbo limejaa chakula cha farasi, unakula. Mimi nimekukosea nini?"

Gidioni alianza kuinuka kwenda kwa ng'ombe. Nikamwambia akae.

Mama akapangusa vidole kwenye jani. "Siku tulipomzika mzee, fahali alichinjwa," alisema. "Fungu langu lilikwenda wapi?"

"Nilikuletea. Ulikuwa unalia, umechoka, nikaona nikusaidie. Nililipika vizuri, nikakuletea."

"Uliniletea sahani. Kama mgonjwa." Sauti yake haikupanda. "Fungu linakuja kwangu bichi, Priska. Ninalipika mimi, halafu ninaita ninaowataka waje wale kwangu. Dada zangu wawili walikaa pale chini ya mgomba mpaka jua likazama, wanangoja niwaite. Niwaite waje kula nini? Walirudi kwao na njaa. Tangu siku hiyo mimi sina nyumba hapa. Nina sahani tu."

Niligeuka kwa Gidioni. "Wewe ulilijua hili?"

"Nilijua," alisema.

"Miaka mitatu?"

"Nilidhani na wewe unajua, mkaamua kununiana."

Ishbel aliuliza kuna nini. Nilimwambia kwamba chakula ni kitamu. Nilikuwa nadanganya nusu, kwa sababu kilikuwa kitamu kweli, kina pilipili manga na ladha ya kitu cha nyumbani ambacho si cha nyumbani kwangu. Lakini machozi yalikuwa yananitoka, naye hakuwa mtoto. Alinisogezea kichupa.

Ningependa kusema kwamba nilinyanyuka nikaenda kuchukua nyama iliyobaki nikaileta bichi. Nyama iliyobaki ilikuwa kwangu, nilikuwa nimeshaikaanga yote.

Jumamosi wenzake Ishbel walishuka mlimani wamebabuka pua, Primus akaja kumchukua. Alipomwuliza amekula nini, Ishbel akamweleza, na Primus akanitazama kana kwamba nimemlisha mgeni wake mawe. Mama Eliona alikuja kumuaga akiwa na mkungu mdogo wa ndizi, ambao mimi nilijua hautapita uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeanza kujifunza kunyamaza, ingawa kunaniumiza.

Jumatatu ya Pasaka tulichinja mbuzi. Nilisimama juu ya Gidioni mpaka alipotoa tumbo na vya ndani vyote. Nikavitia kwenye beseni, nikavipeleka mwenyewe kupitia migombani. Dada wawili wa mama walikuwa wameshafika, wameketi kwenye benchi. Bila shaka mama alikuwa amewatumia habari bila kuniambia. Niliwaamkia, nikapiga goti, nikaliweka beseni.

Mama akachungulia. "Umeviosha."

"Nimeviosha, mama."

"Nani kakuambia uvioshe?"

Nilivuta pumzi. Niliwaza miaka kumi na minane ya ubao na chaki, niliwaza vijidudu, nikajibu, "Hakuna aliyeniambia, mama. Nisamehe." Nikarudi nyumbani kwangu, hatua arobaini, nikafunga mlango, nikamwambia Gidioni kwamba mama yake atanitia wazimu. Akasema, "Mama ni mama."

Jua lilipokaribia kuzama nikasikia naitwa. Hakutuma mtu. Aliita mwenyewe kutoka mlangoni pake, kwa jina langu, kama alivyowaita dada zake. Nilikwenda. Kigoda kilikuwa kimewekwa, na jani mbele yake, na juu ya jani fungu la utumbo uliotolewa chunguni saa nzima kabla ya wakati wake, kwa sababu wazee wale hawakuwa na subira. Ulikuwa mgumu. Wanafunzi wangu ningewafelisha kwa kupika hivyo. Nilitafuna mpaka taya likaniuma, wao watatu wakinitazama, na mama alipouliza kama aniongeze, nikamsogezea jani.