Sentimita Mia na Arobaini na Mbili

Jumatatu saa nne asubuhi Tumsifu alimaliza kupima jumba la Hallowby, akakuta urefu wa nje unazidi wa ndani kwa sentimita mia na arobaini na mbili. Alipima tena mara mbili kwa kipimo cha leza. Hesabu haikubadilika.

Jumba lilijengwa mwaka 1768 mashambani England. Mwaka 1926 tajiri mmoja wa Toronto alilinunua, mawe yakapewa namba, yakasafirishwa kwa meli na kupangwa upya kando ya Mto Humber, hukohuko Toronto. Lakini alichukua sehemu ya wenye nyumba tu: ukumbi, maktaba, ngazi ya mwaloni. Upande wa watumishi, jiko likiwemo, uliachwa huko ukabomolewa.

Wapimaji waliotangulia waliandika kwamba ukuta wa mashariki ni mnene. Tumsifu hakuridhika na ukuta mnene usio na sababu. Aligonga, akasikia uwazi, akachora mahali pake ujia wa watumishi, njia nyembamba ya kupita ndani ya ukuta wasionekane, na kuupeleka mchoro kwa kamati ya majengo ya urithi. Ulipitishwa Jumatano.

Alhamisi mama yake, Dorotea, hakurudi nyumbani kwao mtaa wa Dixon. Dorotea alikuwa amefanya usafi katika jumba hilohilo kwa miaka kumi na tisa. Kesho yake asubuhi msimamizi wa jumba, Naeem, mzaliwa wa Arusha, alipiga simu.

"Dada, mama yupo ukutani. Jana baada ya harusi iliyofanyika hapa alibeba sinia la vikombe, ubao wa ukutani chumba cha kulia ukamfungukia, akaingia. Nilidhani unajua. Si wewe uliyeuchora huo ujia?"

Tumsifu alifika, akavua glavu, akausogelea ubao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado. Uko na nani humo?"

"Msichana wa Kiingereza, aliingia 1781. Na Mjamaika wa 1974, huyo mdomo wake usiuchezee. Jiko lao kubwa kuliko fleti yetu. Chai ndiyo haina tangawizi."

"Mlango wa kutokea uko wapi?"

"Milango ipo saba, mwanangu. Yote inakwenda kazini."

Naeem alileta tindo na nyundo. Mwezi uliopita fundi wa mabomba aliutoboa ukuta huohuo bila shida, kwa kuwa kwenye mchoro wa zamani haukuwa na kitu ndani. Sasa ulikuwa nacho, na kilikuwa kinalindwa kama urithi. Tindo lilichimba tundu la inchi moja; tundu likajifunga kabla vumbi halijatua.

"Ungeacha tu uitwe mnene," alisema Naeem.

"Haukuwa mnene."

Tumsifu aliiandikia kamati kwamba alikosea. Lilikuwa andiko lake la kwanza la uongo kazini. Kamati ilituma mpimaji mwingine, naye akapata mia na arobaini na mbili, akamsifu mwenzake kwa umakini. Jibu lilikuja kwa barua: ujia ni sehemu ya asili ya jumba, na watumishi waliomo ni sehemu ya matumizi yake ya asili. Kwa hiyo wasihamishwe.

Tangu hapo Tumsifu huja kila Jumapili baada ya ibada, na kiti chake cha kukunja. Husukuma unga wa tangawizi kwenye upenyo chini ya ubao. Wageni wanaotembezwa humpisha.

"Kipimo ulichukua mwenyewe?" Dorotea aliuliza Jumapili moja.

"Mwenyewe, mama. Mara tatu."

"Vema. Nilikukataza kubahatisha."

Kengele ililia ndani ya ukuta.

"Naitwa," alisema Dorotea, na nyayo zake zikaelekea jikoni.

Tumsifu alikunja kiti. Juu ya ubao Naeem alikuwa ameshapigilia kibao kilicholetwa na kamati: Ujia wa watumishi, 1768. Upana sm 142. Hali nzuri. Bado unatumika.