Jiwe Mkononi mwa Wafula

Dishon alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, na hakuwahi kuchora mtu mpaka mwaka 1960, chama cha wafanyakazi kilipomtaka amchore marehemu Wafula. Akamchora kwenye kitambaa cha merikani cha yadi nne: kifua mbele, mkono juu, jiwe mkononi. Wafula alipigwa risasi langoni mwa kiwanda, hapa Changamwe, siku ya mgomo. Bango lingebebwa barabarani kifo chake kikitimiza mwaka.

Dishon ni mwenzetu wa Kanisa la Marafiki, watu wa bara tusioshika silaha wala kula kiapo. Jiwe lile lilimsumbua. Jumapili akalileta bango mkutanoni, tumwambie kama alitoe libebwe au alifiche.

Mimi ndiye karani wa mkutano, kazi yenye heshima kidogo na maumivu mengi ya mgongo, maana sisi hatupigi kura. Tunakaa kimya hadi wote tuwe na neno moja. Mmoja akikataa, jambo limekwama.

Hamoud, mwenyekiti wa chama, mtu wa pwani, wa Jomvu Kuu, alikuja kungoja jibu. Alituvumilia kama dakika ishirini.

"Jamani, mwangoja nini? Inueni mikono tuhesabu, twende zetu."

"Hatuhesabu, Mzee Hamoud," nikamwambia.

"Basi hata huo uhuru mtaupata mwisho."

Watu walicheka, nami nikacheka, ingawa karani hapaswi. Baadaye mmoja mmoja akasimama kusema neno lile lile: jiwe lifutwe, picha ibaki. Dishon akakubali. Hamoud akashusha pumzi, akakubali naye. Nikashika kalamu, nikauliza kama yupo mwenye uzito moyoni.

Akasimama Rispa, mjane wa Wafula, naye mwenzetu wa mkutano. Chumba alichoishi na wanawe watatu alipewa na chama kwa heshima ya shujaa aliyekufa akigoma, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Hata huo mkono msiuinue," akasema. "Wafula hakugoma. Mtoto alikuwa mgonjwa, akaogopa kufutwa kazi. Alikuwa anaingia kiwandani. Nimenyamaza mwaka mzima kwa sababu ya chumba."

Nilimwonea huruma. Niseme kweli, nilimkasirikia pia, maana nilikuwa nimeshaandika nusu ya uamuzi.

Nilitazamia Hamoud apaaze sauti, amwambie akafungashe vyombo. Lakini alikuwa ameinamia viatu vyake, na alipoanza kusema ilibidi tumsogelee ili tumsikie.

"Kaa chumbani mwako, mama. Hakuna atakayekutoa. Nami nimenyamaza." Akapangusa uso kwa kofia yake. "Wallahi nilimwona. Nilikuwa langoni na wenzangu, nikamwona apita kuingia. Nikamwita kwa jina lake, nataka nimtukane mbele za watu. Akasimama, akageuka kuniitikia. Asingesimama, risasi isingempata."

Dishon alianza kulikunja bango polepole, upande wa miguu kwanza.

Rispa alikuwa bado amesimama.

"Alikuitikia vipi?" akamuuliza.

"Alisema, 'Naam, mzee.'"