Vidole Kwenye Mkono wa Mama Ngumi

Dunia nzima ilimjua Mama Ngumi, lakini mlangoni kwake hakuna aliyebisha hodi. Sura yake ilikuwa kwenye fulana na mabango ya nchi ambazo hata kuzitamka kulimshinda: mwanamke mwenye aproni ya dobi, mkono wa kulia juu, ngumi imekazwa. Wanafunzi wa ng'ambo waligoma wakiwa wamemvaa kifuani, wavuna matunda waliandamana wamembeba kwenye vijiti. Jioni yeye alikula peke yake, redio ikimsemesha.

Picha ile ilipigwa siku wafua nguo wa hospitali walipogoma. Mumewe, naye mfua nguo wa hapohapo, alisimama pembeni yake. Sasa mumewe alikuwa marehemu, na simu iliyokuwa na picha zake zote ilitumbukia kwenye pipa la sabuni. Sura ya mumewe ilianza kumtoka Mama Ngumi akilini, na hilo lilimtisha kuliko msiba wenyewe. Ndipo akajikongoja hadi kwa mchapaji wa fulana, yule aliyekuwa wa kwanza kuichapa picha ile.

"Karibu, mama! Leo tumepata mgeni wa kimataifa," mchapaji akasema, akifuta wino mikononi.

"Kimataifa gani, mwanangu, na magoti haya? Nataka picha nzima. Ile yenye mzee wangu."

Mchapaji akaacha kucheka. "Mama, mpiga picha aliniletea kipande tu, uso wako na mkono. Mzee hakuwamo." Akafuta tena mikono. "Ila vidole vyake."

"Vidole?"

"Vilikushika hapa kwenye kifundo cha mkono. Kwa wino wa rangi moja vilionekana kama uvimbe. Nikaviziba kwa gundi kwenye fremu ya kuchapia ili mkono utoke safi. Fulana hizo ndizo walizoiga wote."

Mama Ngumi akakaa juu ya ndoo ya wino. Hasira zilimpanda, na hakujua azimwage wapi.

"Safi! Unajua nilivyokuwa natetemeka siku ile? Bosi yuko mbele yangu, mkono mzito kama shuka zilizolowa. Mzee akaniambia, 'Inua, mke wangu.' Nikashindwa. Akauinua yeye. Watu wananiuliza ushujaa ule niliutoa wapi, nami nakosa la kuwajibu, maana kwenye picha ulishamfuta."

Mchapaji akainama. Aliivuta fremu kuukuu kutoka chini ya meza, akaisugua gundi kwa maji ya moto mpaka ikabanduka. Akailaza juu ya karatasi, akavuta wino mara moja, akainyanyua.

Vidole vinne vikatokea kwenye kifundo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, vilevile kilivyokuwa tangu mashine ya kukamua nguo ilipokibana. Mama Ngumi akakigusa wino ukiwa bado mbichi, akakichafua kidogo, akalia kwa sauti bila kuona haya.

"Nichape nyingi, mama? Tuzitume kote?"

"Hii moja yanitosha. Wao wana yao."

Nyumbani aliibandika ukutani mbele ya kiti chake. Sura ya mumewe haikurudi, na alijua haitarudi. Akainua mkono wa kulia, akaushika kifundo kwa mkono wa kushoto, palepale. Akabana, akajaribu tena. Vidole vyake vilikuwa vifupi, havikufika vilipofika vya mzee.