Madaftari ya Baridi

Saa tisa kamili alasiri, Mama Digrii alifungua sanduku jeupe lililo nyuma ya kituo cha hali ya hewa, akainama, akasoma kipimajoto. Thelathini na nane. Akaandika, akafunga sanduku, akaenda stoo kuchukua daftari la mgonjwa wake.

Madaftari ya zamani yalikuwa na baridi yake. Kila siku iliyoandikwa humo na marehemu baba yake, mpimaji aliyemtangulia, ilikuwa bado imo. Ukifunua ukurasa ambao haujaguswa tangu wino ukauke, siku ile ilitoka ikajaa chumba, ikakaa saa moja na kitu, kisha ikaisha; tarakimu zenyewe zilifutika kabla dakika haijapita. Aligundua hayo mwaka juzi akipangusa vumbi. Alichofanya ni kurudi nyumbani kuchukua mtandio.

Mama yake alilala chumba cha nyuma, chini ya bati, moyo umechoka. Daktari alishasema dawa zipo, ila kitakachomwondoa bibi huyu ni joto.

"Leo umeniletea mwezi gani?"

"Wa saba, mama. Tarehe kumi na mbili."

"Mwaka?"

"Ule ulipomfukuza fundi cherehani aliyetaka kunioa."

Bibi akavuta shuka hadi kidevuni, akacheka. "Baridi ile! Meno yalimgonga mpaka posa ikamshinda kutamka. Nikadhani ananiogopa mimi."

"Na wewe alikuogopa."

Madaftari thelathini na moja yalikwisha hivyo. Likabaki moja.

Jumanne akaja mwalimu wa jiografia. Halmashauri ilitaka kufyeka kipande cha mwisho cha msitu wa mlimani, pachimbwe kokoto, na ilishikilia kwamba joto la mji ni lile lile tangu enzi na enzi.

"Dada, tuletee madaftari Alhamisi. Wakiyaona, hawana pa kutokea."

"Limebaki moja, mwalimu. Na lina mgonjwa."

Aliyejibu ni bibi, kutoka ndani: "Mpe! Mimi nimeshapoa vya kutosha. Mlima ukiisha, wajukuu mtawafunulia nini?"

Jumatano nzima Mama Digrii hakulifunua daftari. Alhamisi asubuhi alilowesha kitambaa, akamwekea mama yake kifuani, akamwomba jirani akae naye, akaondoka na daftari kwapani.

Ukumbini walikuwapo wajumbe kumi na mmoja. Karani alifunua ukurasa wa kwanza, na mwezi wa sita wa miaka arobaini iliyopita ukashuka mezani. Mwenyekiti akafunga vifungo vya koti. Mjumbe mmoja akaulizia chai.

"Soma upesi," Mama Digrii akasema. "Zinafutika."

"Mama, kikao hakikimbizwi," akasema karani, akiitafuta miwani.

Alipoivaa, ukurasa ulikuwa mweupe. Akafunua wa pili, akaifuta miwani iliyoingia ukungu, na wa pili ukawa mweupe. Wakaenda hivyo hadi jalada la nyuma.

Mwalimu akasimama. "Waheshimiwa, hiyo baridi mnayoisikia ndiyo ushahidi wenyewe!"

"Mwalimu, kikao kinapokea maandishi," akasema mwenyekiti, pumzi ikimtoka kama mvuke wa birika. "Mimi hapa naona karatasi tupu. Karani, hebu funga dirisha."

Wakapiga kura. Mikono kumi na mmoja ikachomoka makwapani, ikakubali kokoto, ikarudi makwapani.

Bibi alifariki saa nane na nusu, mkono wake ukiwa kwa jirani. Saa tisa Mama Digrii alikwenda kusoma kipimajoto, kwa kuwa saa tisa ni saa tisa. Arobaini.

Siku ya tatu karani alikuja kuhani.

"Pole sana, mama. Mwenyekiti naye anakupa pole." Akakaa kidogo, akakohoa. "Hivi, hakuna jingine lililobaki? Jumatatu tuna kikao, na ule ukumbi wetu kwa joto, we acha tu."

"Lipo la mwaka huu."

Karani akalifunua katikati. Nyusi zikajikunja kama zimepita motoni, kola ikalowa. Akalifunga taratibu, akalirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Hili libaki tu hapa, mama."

Jumatatu saa tatu asubuhi baruti ya kwanza ililia mlimani. Mama Digrii alikuwa akiandika. Mkono ukaruka, na thelathini na moja ikatoka thelathini na saba. Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika upya thelathini na moja, ingawa alijua hiyo saba itafika tu kabla ya adhuhuri.